Baridi ya Vikombe Viwili

Mtungi ulipoanza kufuka moshi mezani, Konstebo Petro alikuwa wa kwanza kutoka nje, na kofia yake ikabaki juu ya mafaili. Sajenti Raheli hakutoka. Alisimama mlangoni akautazama ule moshi. Ulikuwa mweupe, na haukupanda juu kama moshi wa moto. Uliteremka kwenye ukingo wa meza, ukamwagika sakafuni, ukapotea kabla ya kufika kwenye viatu vyake. Wala haukunuka.

"Umeufanya nini?" alimuuliza Petro kupitia dirishani.

Petro alieleza kwamba alitoa kizibo akauinamisha mtungi, aone kama madini yamefichwa chini. Kilichotoka ni maji yanayochemka bila moto, pamoja na mirija myembamba ambayo aliirudisha haraka kwa sababu ilimuunguza vidole kwa baridi.

"Kirudisheni kizibo, lakini msikikaze," sauti ilisema kutoka mahabusu. "Kikikazwa, mtungi utapasuka."

Hiyo ilikuwa sauti ya Ramadhani. Alikuwa bwana mifugo wa kupandikiza ng'ombe mbegu, na ile mirija ndiyo iliyobeba mbegu zenyewe, zikigandishwa mtungini kwa naitrojeni, hewa iliyopoozwa mpaka ikawa maji. Alikuwa ndani tangu jana mchana. Mzee Mohammedtaqi, mwenye duka la vitambaa hapo Mikindani, aliripoti kwamba madini ya binti yake Uzma yameibwa sebuleni. Uzma alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na naitrojeni ya kupoozea hayo madini yake aliipata kwa Ramadhani. Mtu wa nje aliyejua yanapowekwa alikuwa huyo mmoja tu. Jumatatu asubuhi faili lingekwenda mahakamani, na Ramadhani akishasomewa shtaka, kibali chake cha kazi kingesimamishwa hata kama baadaye angeshinda kesi.

Simu ikaanza kuita kwenye droo ya vielelezo. Iliita mpaka ikachoka.

"Ni Bi Farida wa Madimba," Ramadhani alisema kupitia nondo. "Ng'ombe wake ana joto la kutaka dume tangu alfajiri. Likipita leo, ni kungoja mwezi ujao."

Raheli alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Jana asubuhi ulikwenda Kilambo na mtungi."

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kupandisha ng'ombe."

"Na Jumatano, sebuleni kwa Mzee Mohammedtaqi, ulisema nini kuhusu Kilambo?"

Ramadhani akainama. "Nilisema, hivi vidude tukivivusha mto hapo Kilambo hadi nchi ya pili, tutarudi na pikipiki mpya, kila mtu na yake. Uzma alicheka. Baba yake hakucheka. Sisi Wayao tumezoea utani, afande. Sikujua kwamba mzee anauweka akiba."

Raheli alipiga simu Kilambo. Mwenye ng'ombe alikiri kwamba Ramadhani alifika, akafanya kazi yake, akala ugali hapo hapo barazani na mtungi ukiwa katikati ya magoti, kisha akarudi alikotoka. Mtoni hakukanyaga. Petro alisema hilo halithibitishi chochote, kwani mzigo mdogo waweza kupewa mtu yeyote njiani.

"Inawezekana," Raheli alisema. "Lakini tumefuatilia kila mahali alipopita Ramadhani, na hakuna aliyeuliza hayo madini yenyewe yanafananaje."

Petro alifungua faili. Kila mahali paliandikwa madini ya thamani. Rangi haikuandikwa, wala umbo.

*

Nyumbani kwa Mzee Mohammedtaqi, Uzma aliunganisha kidole gumba na cha shahada, akafanya duara.

"Ukubwa huu," alisema. "Ni vidonge vyeusi, bapa. Vimeshindiliwa kwa mashine, kisha vikachomwa kwenye tanuru. Ukivikuta njiani, dada, hutainama kuviokota."

"Baba yako alituandikisha madini."

"Baba akiambiwa ndani kuna shaba, haulizi tena. Hivi ni kigae tu. Mwizi akivipeleka sokoni atachekwa."

Raheli alimtaka aeleze basi kazi yake, na Uzma, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi, alichangamka kidogo. Kikipoozwa sana, alisema, kidonge hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Vyuma kadhaa hufanya hivyo pia, na sababu yake wataalamu wanaijua zamani. Lakini kwa vigae vya shaba kama hivi, sababu bado inabishaniwa dunia nzima.

"Umeona malori ya korosho yanavyosongamana nje ya geti la bandari wakati wa msimu?"

"Nimewahi kuisimamia hiyo foleni."

"Elektroni za humu ndani ziko hivyo. Kila moja haitaki nyingine iisogelee, na nafasi zimejaa, kwa hiyo hakuna inayokwenda. Kwa hesabu ya kawaida kitu hiki hakipaswi kupitisha umeme hata kidogo. Sasa ukikiongezea oksijeni, ni kama umeondoa malori machache. Halafu ukipooze. Zile zile zilizokuwa zinakimbiana zinajipanga mbili mbili, zinapita zote kwa pamoja, hakuna inayogusa kitu. Aliyezipatanisha ni nani? Hilo ndilo ninalolisomea."

"Na oksijeni ikitoka?"

"Foleni inarudi pale pale."

Alivileta Mikindani kwa makusudi, aone hewa ya chumvi itavila kwa kiasi gani. Jumatano Ramadhani alikuja na mtungi wakavijaribu, vikafanya kazi vizuri. Baada ya hapo alivipanga kimoja juu ya kingine, akavizungushia foili kwa kubana, akaviweka kwenye droo ya kabati la sebuleni kwa sababu ndiyo droo kavu kuliko zote. Jana alipofungua hakuvikuta.

Raheli aliivuta ile droo mwenyewe. Mlikuwa na kikopo cha ubani, vipande vya udi ndani ya kitambaa, na bomba la makaa ya ubani, yale ya vidonge yanayouzwa madukani. Alilichukua. Karatasi yake ya kung'aa ilikuwa imefungwa bado, haijaguswa na ukucha.

"Haya yalikuwepo Jumatano?"

"Sikuangalia. Hivyo vitu ni vya bibi."

Bibi mwenyewe, Maryambai, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Raheli alimwamkia, akauliza kuhusu hitima iliyosomwa hapo nyumbani Alhamisi. Maryambai alijibu kwamba ilikuwa hitima ya mumewe, watu walikuja mpaka kutoka Lindi, biriani lilitosha, na aibu ikampata mahali ambapo hakuitegemea.

"Ubani wangu ulinuka kama jiko la mama ntilie," alisema. "Wageni wanavuta pumzi wanatazamana. Mimi ninatazama ukuta."

Chetezo kilikuwa juu ya dirisha, hakijasafishwa. Raheli alikiinamisha kwenye mwanga. Makaa ya vidonge huacha jivu jeupe la duara, linalovunjika ukiligusa. Humu mlikuwa na vipande vya mkaa wa kawaida, kimoja bado kina gamba la mti. Alirudi akaitazama tena ile droo, na bomba lililofungwa.

Nyumba ilikuwa na makaa ya ubani hayajafunguliwa, na wageni kutoka Lindi, na bibi anayejali harufu. Kisha ubani ukachomwa kwa mkaa wa jikoni.

"Bibi, chetezo siku hiyo kilikuwa mkononi mwa nani?"

"Kwa Mwajuma. Na nikimpata nitamwambia."

*

Mwajuma alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mpishi wa shughuli za watu. Walimkuta uani akipembua mchele. Alipomwona Petro tu alianza kucheka.

"Umerudi, mwanangu? Jana nilikwambia madini sikuyaona. Ningeyaona ningekuwa nimekaa hapa na ungo?"

"Leo hatuulizi madini, mama," Raheli alisema. "Tunauliza ubani wa hitima."

Kicheko kikaisha. Mwajuma alisema hayo makaa wasimuulize, yalimdhalilisha mbele za watu. Akayaeleza hata hivyo, tena bila kuombwa mara ya pili. Alhamisi, wageni wakishaanza kuingia, alifungua droo akakuta bomba la foili, kama siku zote. Akatoa kidonge akakiweka kwenye jiko. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Kikawa chekundu kama chuma cha mhunzi, lakini kukolea hakikolei. Alikiweka kwenye chetezo na udi juu yake, na mara kikazima. Akajaribu cha pili, mambo yale yale. Ndipo akachota mkaa wa jikoni ili shughuli isikwame.

"Ulipokishika, hukuona chochote cha ajabu?"

"Kizito. Nikasema, makaa ya siku hizi wanachanganya na mchanga."

"Na bomba lenyewe uliliweka wapi?"

"Nililirudisha dukani kwa Abbasali, Mtwara, jana asubuhi mapema. Na vile viwili nilivyovichoma nilivichomeka humo humo, aone mwenyewe. Akanipa jipya, nikaliweka kwenye..."

Mkono wake ukasimama katikati ya ungo. Alimtazama Petro, akamtazama Raheli.

"Mtoto wa watu yuko ndani kwa ajili ya makaa?"

Raheli alimwambia achukue mtandio wake, kwa sababu dukani kwa Abbasali angehitajika kuonyesha.

*

Duka la Abbasali liliuza vyombo vya ndani, na juu ya kaunta palikuwa na tangazo kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Raheli alilisoma huku Abbasali akimhakikishia, kwa heshima zote, kwamba duka hilo halijawahi kupokea mali iliyorudishwa tangu enzi za baba yake.

"Abbasali," Mwajuma alisema, "ulinipa bomba jipya kwa mkono huo huo ulioshikia kalamu."

Palikuwa na wateja. Abbasali aliwatazama, akazunguka kaunta, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kwa sababu ya hitima tu, na kwamba wakisikia wengine kesho atarudishiwa hadi ndoo zilizotoboka.

"Basi niambie polepole," Raheli alisema. "Liko wapi?"

Lilikuwa chini ya kaunta, ndani ya boksi lililokwisha kufungwa kamba, likisubiri gari la Jumatatu kwenda kwa wakala wake Dar es Salaam. Petro alikata kamba. Ndani mlikuwa na tochi zisizowaka, viberiti vilivyolowana, pasi moja, na chini kabisa bomba la foili lisilo na jina la kiwanda. Juu yake vilichomoza vidonge viwili vilivyopauka, vyenye ukijani pembeni. Raheli alichomoa kalamu mfukoni akafunua foili kidogo. Vilivyofuata vilikuwa vyeusi tii.

Alipima bomba kwa mkono mmoja, na bomba la makaa la kwenye rafu kwa mkono mwingine. Kisha akampa Petro apime. Petro alivua kofia akajikuna.

Abbasali na Mwajuma walitia saini hati ya kukamata mali. Ilikuwa bado mchana.

*

Kituoni walimkuta Mzee Mohammedtaqi ofisini kwa mkuu wa kituo, na Uzma pembeni yake. Raheli alieleza kila hatua, kuanzia chetezo hadi boksi. Mwajuma alisimulia sehemu yake akiwa amesimama. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkuu wa kituo.

"Mimi ni mtu wa duka," alisema. "Makaa yasiyowaka nimeyaona maisha yangu yote. Nani atathibitisha kwamba vitu hivi vyeusi ndivyo vile? Huyo kijana ana marafiki. Mtu anaweza kutengeneza vya bandia vikaokotwa mahali."

Mkuu wa kituo alikubali kwamba hawezi kumwachia mtu kwa ushahidi wa uzito wa mkono.

"Vijaribiwe," Uzma alisema. "Mbele ya wote. Kidonge kizima kikipoozwa huisukuma sumaku."

Naitrojeni ilikuwa moja tu, ile ya kwenye mtungi wa kielelezo. Ramadhani alitolewa mahabusu. Hakumtazama mzee. Aliomba kijiti chake cha kupimia, akakizamisha, akakitoa, akakipungia hewani mpaka barafu nyeupe ikajichora sehemu ya chini. Petro alipouona mstari ulivyo mfupi, alitazama sakafu.

"Vikombe viwili vya chai," Ramadhani alisema. "Vinavyobaki ni vya mirija, hadi nitakapoongezewa Jumatatu."

"Na viwili visipotosha?" Raheli aliuliza. "Ni wewe unayelala ndani."

"Mbegu si zangu, afande. Watu wanasubiri ndama. Ni viwili."

Uzma alikata kipande cha boksi jeupe la kuwekea samaki, akachonga kishimo katikati. Mzee Mohammedtaqi alisema kidonge atakichagua yeye, ili pasiwe na ujanja. Akachomoa cha juu, mojawapo ya vile viwili. Uzma alifungua mdomo aseme kitu. Raheli alimgusa mkono anyamaze.

Ramadhani alimimina kikombe cha kwanza. Moshi ukajaa kwenye kishimo, maji yakachemka, yakatulia. Kwa kibano, Uzma aliweka juu ya kidonge sumaku ndogo kama punje ya hindi. Sumaku ikakaa. Akaisogeza, ikakaa tena. Maji yakaisha, na hapakutokea kitu.

"Makaa," alisema Mzee Mohammedtaqi, na hakulisema kwa furaha.

Mkuu wa kituo aliuweka mkono wake juu ya faili. Simu kwenye droo ilianza kuita tena, na hakuna aliyeinuka.

"Bi Mwajuma," Raheli alisema, "hiki kidonge uliwahi kukishika?"

"Hicho na mwenzake ndivyo nilivyovichoma. Si unaona vilivyopauka?"

"Uzma, oksijeni ikitoka, ulisema nini hutokea?"

"Foleni inarudi," Uzma alisema taratibu. "Na moto mkali katikati ya makaa ya jiko huitoa."

Raheli akamgeukia mzee. "Basi ninasema kabla ya kujaribu, ili baadaye isionekane nimebahatisha. Kama hivi ni vya bandia, vyote vitashindwa sawasawa. Kama ndivyo vyenyewe, vile viwili vilivyopita motoni vitashindwa, na ambavyo havikutoka kwenye foili vitafanya kazi. Bandia haiwezi kujua ipi ilichomwa na Bi Mwajuma. Chagua tena, mzee. Safari hii chagua ndani."

Mzee alifunua foili. Alichukua muda. Aliruka cha kwanza, akaruka cha pili, akatoa kimoja cha katikati, akakiweka mwenyewe kwenye kishimo.

Kikombe cha pili kilikuwa hakijajaa sana. Ramadhani alikimimina kwa pembeni, polepole, kama anayemwagia mche. Moshi ukatanda mezani. Uzma alisubiri mpaka kuchemka kukaisha, akashusha sumaku kwa kibano, akaiachia.

Haikufika chini.

Ilisimama hewani juu ya kidonge, ikitikisika kidogo, halafu ikatulia. Uzma aliigusa kwa ncha ya kibano ikazunguka pale pale, bila kushikwa na kitu. Petro alipiga hatua mbele. Mwajuma alitaja jina la Mungu na kukaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Mzee Mohammedtaqi aliomba njiti ya kiberiti. Aliipitisha chini ya sumaku, upande huu ikatokea upande wa pili. Akarudia. Kidonge kilipoanza kupata joto, sumaku ilishuka taratibu ikalala, na mzee akabaki ameishika ile njiti.

"Wizi haupo," mkuu wa kituo alisema, akachukua kalamu.

Uzma alikuwa ameshaviweka vidonge viwili vilivyoungua kwenye kiganja, anavigeuza geuza kwenye mwanga. Mwajuma alimwomba radhi. Alisema hakujua, alidhani ni makaa.

"Hivi havijafa, mama," Uzma alimwambia. "Nitavirudisha kwenye tanuru, nivipitishie oksijeni, vipoe polepole. Nadhani kimoja kitaamka. Nikifanikiwa nitakuwa nimejua jambo ambalo sikulijua Jumatano."

Ramadhani alikuwa ameinama juu ya mtungi, anapima tena kwa kijiti. Mzee Mohammedtaqi alimsogelea. Alisimama hapo mpaka Ramadhani alipoinua uso.

"Nilichukua utani wako nikaufanya kesi," mzee alisema. "Niwie radhi."

Ramadhani alifikiri kidogo. "Nimekuwia. Lakini ile pikipiki mpya sasa unanidai wewe au ninakudai mimi?"

Petro ndiye aliyecheka kwanza. Mzee alijaribu kujizuia, akashindwa. Alitoa funguo za pikapu yake mfukoni, akauliza Madimba ni mwendo gani kwa gari. Aliambiwa si mbali. Akasema basi mtungi ataupakata yeye, Uzma ataendesha, na Ramadhani awaelekeze nyumba.

Simu iliita kwa mara nyingine. Raheli alifungua droo ya vielelezo, akaitoa, akambandika Ramadhani sikioni kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika mtungi. Sauti ya Bi Farida ilisikika hadi mlangoni, akiuliza kama amekufa au amehama nchi.

"Nipo, mama," Ramadhani alisema. "Mfunge kivulini, mpe maji. Tunakuja."